Tunachunguza ajali, lakini inajirudia pale pale: tunakosea wapi?

Afisa Usalama (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, naomba mawazo yenu katika jambo linaloninyima usingizi.

Nina miezi saba tangu nikabidhiwe kazi ya kusimamia usalama katika kiwanda cha kufungasha bidhaa. Kabla ya hapo nilikuwa fundi, kwa hiyo mashine nazifahamu, ila kuhusu uchunguzi wa ajali sikuwahi kufundishwa zaidi ya kujaza fomu. Katika mwezi wangu wa pili, kijana mmoja alinaswa mkono kwenye rola ya mwisho ya konveya, pale katoni zinapopinda kuelekea kwenye mashine ya kubandika utepe. Katoni ilikuwa imekwama, akaingiza mkono kuitoa huku mkanda ukiendelea kutembea, na rola ikamvuta. Alivunjika mifupa miwili, na hadi leo vidole viwili havijarudi kufanya kazi kama zamani. Niliandika ripoti siku hiyo hiyo. Chanzo: mfanyakazi hakuzima mashine kabla ya kuondoa katoni. Hatua zilizochukuliwa: amepewa onyo, na wafanyakazi wote wamekumbushwa kuwa makini. Tukabandika bango, meneja akasaini, nami nikaamini kazi imekwisha.

Baada ya wiki kumi na moja, mama mmoja mwenye uzoefu wa miaka mingi, ambaye pale kiwandani hutolewa mfano wa mtu anayefuata utaratibu, alinaswa kwenye rola ile ile na kwa namna ile ile. Bango lilikuwa hatua mbili kutoka aliposimama. Nilipochukua fomu nikajikuta naandika sentensi ile ile ya kwanza, kilichobadilika ni jina tu. Nikaiweka kalamu chini.

Ninachouliza ni hiki: uchunguzi unaozuia ajali isijirudie hufanywaje hasa? Huanzia wapi, huhojiwa nani, na mtu hujuaje kwamba amefika kwenye chanzo chenyewe? Sehemu hiyo ya mkanda tumeisimamisha, lakini meneja anataka ripoti siku ya Ijumaa.

Mchunguzi wa Siku Nyingi

Kaka, pole kwa mtihani huu, na utufikishie pole kwa hao wawili walioumia. Kuweka kalamu chini ulifanya vyema, kwa sababu sentensi ile haikuwa ya uongo. Tatizo lake ni kwamba inaeleza jambo ambalo kila mtu alilijua kabla hujaanza kuchunguza. Kwamba mashine haikuzimwa, hilo ni tukio lenyewe. Uchunguzi unaanza pale unapouliza: kuna nini katika kazi hii kinachomfanya mtu mwenye akili timamu, anayeupenda mkono wake, aone kwamba kutozima ndilo jambo la kawaida?

Anza na mahali penyewe kabla hapajasafishwa. Majeruhi akishahudumiwa na hatari ikishadhibitiwa, zuia watu wasiguse kitu. Kumbuka pia kwamba sheria za nchi nyingi zinataka ajali iliyosababisha jeraha kubwa iripotiwe kwa mamlaka, na baadhi yake haziruhusu kuhamisha chochote hadi mkaguzi aridhie. Piga picha kutoka mbali, kisha karibu, kisha kutoka pale macho ya mfanyakazi yalipokuwa. Pima urefu na umbali. Andika hali ya mwanga, kelele, sakafu, saa ya zamu na idadi ya watu waliokuwapo ikilinganishwa na wanaotakiwa. Mambo haya hupotea haraka sana. Mtu mmoja mwema mwenye ufagio anaweza kufuta nusu ya ushahidi wako katika dakika tano.

Nikupe mfano wa jambo dogo. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye karakana ya mbao ambako fundi alikuwa amekatwa vidole na msumeno wa mviringo. Kinga ya msumeno ilikuwa imeinuliwa na kufungwa kwa waya. Msimamizi aliniambia kwa sauti ya uhakika kwamba fundi mwenyewe ndiye aliyeifunga asubuhi ile. Niliinama nikautazama ule waya. Ulikuwa na kutu mzunguko mzima, na vumbi la mbao lilikuwa limegandamana na grisi kwenye kila pindo. Nilipoufungua, sehemu ya chuma iliyokuwa chini yake ilikuwa inang'aa, rangi ya pembeni ikiwa imefifia. Waya ule ulikuwa na miezi mingi. Kwa miezi yote hiyo msimamizi alipita pale kila siku, mkaguzi wa ndani alijaza orodha yake na kuweka alama ya sawa, na mafundi wa zamu zote waliutumia msumeno ule hivyo hivyo. Kuanzia hapo swali likawa kwa nini kinga iliyoletwa na mtengenezaji ilikuwa haifai kwa mbao nene walizokuwa wakipasua, na kwa nini taarifa hiyo haikumfikia mtu mwenye uwezo wa kununua kinga nyingine.

Katika mahojiano, zungumza na kila mtu peke yake, mapema iwezekanavyo, na ikiwezekana pale pale kwenye mashine na si ofisini. Mwambie tangu mwanzo kwamba unatafuta jinsi ya kuzuia ajali nyingine. Usianze na "kwa nini hukuzima?", kwa maana swali hilo tayari limeshatoa hukumu. Sema: "Nionyeshe kazi hii hufanywaje." Kisha nyamaza, umwache azungumze. Swali ambalo limenifaa kuliko yote ni hili: katoni ikikwama siku ambayo hakuna ajali, mnafanyaje? Waulize na watu wa zamu ya usiku. Ukigundua kwamba wote huingiza mkono, basi umegundua utaratibu halisi wa kazi, hata kama ulioandikwa ukutani unasema vingine.

Kisha fungua daftari la huduma ya kwanza. Tafuta mikwaruzo, kucha zilizong'oka, plasta zilizotolewa. Mara nyingi ajali kubwa huwa imeshabisha hodi mara kadhaa pale.

Fundi wa Zamu

Naomba niseme kama mtu aliyewahi kukaa upande wa pili wa meza. Niliwahi kuanguka kutoka kwenye ngazi ya chuma kiwandani nikavunjika nyonga. Nilihojiwa baada ya wiki tatu, katika ofisi ya meneja, nikiwa nimekaa mbele ya watu wanne, na mmoja wao akiwa ameshika faili langu la ajira. Swali la kwanza lilikuwa: "Ulikuwa unafikiria nini?" Nilijibu kwamba nilizubaa. Sikuwa nimezubaa. Taa ya juu ya ngazi ile ilikuwa imeungua muda mrefu, na tulishaizoea hali hiyo hadi tulikuwa tunahesabu vidato kwa miguu. Siku ile nilikuwa nimebeba gia kwa mikono miwili, nikakosea hesabu. Lakini nilijua jibu la "nilizubaa" ndilo lingenitoa chumbani mapema na kuninusuru kazi yangu, nami nilikuwa na watoto wa kulisha. Wakaliandika kama nilivyolisema. Taa ilibadilishwa baadaye sana, kwa sababu nyingine kabisa.

Kwa hiyo, ndugu Afisa, mtu akikuambia "ni makosa yangu", usifurahi kwamba umepata jibu. Mara nyingi anachokuambia ni kwamba anaogopa. Na kuna jambo jingine ambalo wengi hulisahau: majeruhi akipata nafuu, rudi umsomee ulichokiandika kabla hujakipeleka kwa wakubwa. Yeye ndiye aliyekuwapo.

Msimamizi wa Uzalishaji

Nimesoma kwa makini, na ninaheshimu uzoefu wenu, lakini naomba tusifike mahali ambapo hakuna mtu anayewajibika kwa lolote. Mimi ninasimamia watu sitini. Wapo wanaofundishwa, wanaosaini kwamba wameelewa, wanaopewa glavu na kofia, kisha wanafanya wanavyotaka. Tulipokuwa mafunzoni tulielezwa kwamba asilimia 88 ya ajali hutokana na vitendo vya watu visivyo salama. Kama hilo ni kweli, kwa nini tuzunguke kutafuta chanzo kwenye mashine na taratibu, wakati chanzo kimesimama mbele yetu? Na nikimwacha mmoja bila onyo, wale wanaofuata taratibu nitawaambia nini?

Mhandisi wa Matengenezo

Ndugu Msimamizi, hoja yako ni ya msingi na inastahili kujibiwa kwa heshima.

Hiyo asilimia 88 ilitolewa mwaka 1931 na Herbert Heinrich, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya bima nchini Marekani. Aliipata kwa kupitia madai ya bima na kumbukumbu za wenye viwanda. Tafakari maana yake: zile zilikuwa taarifa zilizoandikwa na wasimamizi kama sisi, katika zama ambazo ripoti nyingi ziliishia kwenye jina la aliyeumia. Ukikusanya maelfu ya ripoti zinazosema "mfanyakazi hakuwa makini", utapata asilimia kubwa ya wafanyakazi wasiokuwa makini. Takwimu hiyo inatueleza zaidi jinsi ajali zilivyokuwa zikiandikwa kuliko jinsi zilivyokuwa zikitokea.

Hata tukikubali kwamba karibu kila ajali ina mkono wa mtu ndani yake, hilo halituambii turekebishe nini. Tarehe 6 Machi 1987 feri iitwayo Herald of Free Enterprise iliondoka bandari ya Zeebrugge nchini Ubelgiji milango yake ya mbele ikiwa wazi, maji yakaingia kwenye sitaha ya magari, ikalala ubavu, na watu 193 wakafa. Aliyetakiwa kufunga milango alikuwa amelala chumbani mwake. Uchunguzi ungeweza kuishia hapo, na kila mtu angeelewa. Lakini ulipoendelea ulionyesha kwamba nahodha, akiwa juu kwenye usukani, hakuwa na njia yoyote ya kujua kama milango imefungwa, na kwamba manahodha wa kampuni ile walikuwa wameshaomba kuwekewa taa za kuonyesha hivyo, ombi likakataliwa. Binadamu wataendelea kupitiwa na usingizi maadamu wako hai. Taa unaweza kuiweka, na taa za namna hiyo zilikuja kuwa za lazima.

Sasa nirudi kwa mwenye mada. Wengi watakushauri uulize "kwa nini" mara tano, mtindo uliopata umaarufu katika viwanda vya Toyota. Ni mtindo mzuri wa kuanzia, ila una mtego: hukupeleka kwenye mstari mmoja tu, wakati ajali huwa na mizizi kadhaa inayokutana. Kila ukipata jibu, jiulize kama kuna jibu la pili lenye nguvu sawa, na ulifuate nalo. Katoni ilikwama kwa nini? Mkono uliweza kufika kwenye rola kwa nini? Mkanda haukuzimwa kwa nini? Hizo ni njia tatu tofauti, na kila moja itakufikisha kwenye mlango wa mtu tofauti.

Kwenye mapendekezo ndiko ripoti nyingi zinakofia. Kuna ngazi inayojulikana katika fani hii: kwanza iondoe hatari yenyewe, ukishindwa ibadilishe kwa kitu chenye hatari ndogo, ukishindwa mtenge mtu na hatari kwa kinga au kifaa cha uhandisi, ndipo uje kwenye taratibu na mafunzo, na mwisho kabisa vifaa vya kujikinga mwilini. Bango na onyo ziko karibu na chini ya ngazi hiyo, kwa sababu zinategemea mtu akumbuke kila sekunde ya kila zamu. Mimi hukataa kusaini ripoti ambayo mapendekezo yake yote yanaanza na "wafanyakazi wakumbushwe". Pendekezo liwe kitu ninachoweza kukiendea na kukigusa, liwe na jina la mhusika na tarehe, na mtu arudi baada ya muda kuangalia kama limefanywa na kama limefanya kazi. Hayo ni maswali mawili tofauti. Nimeona kinga mpya ikifungwa kwa wakati, na baada ya mwezi ikawa imeegemezwa ukutani kwa sababu ilikuwa inazuia kazi.

Na usiidharau mipaka ya zamu. Kwenye jukwaa la mafuta la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, tarehe 6 Julai 1988, valvu ya usalama ya pampu moja ilikuwa imetolewa kwa matengenezo na nafasi yake kuzibwa kwa bamba ambalo halikuweza kuhimili shinikizo. Habari hiyo haikuwafikia watu wa zamu ya usiku. Pampu ya pili ilipogoma, wakaiwasha ile ya kwanza. Watu 167 walikufa. Uchunguzi ulioongozwa na jaji wa Scotland, Lord Cullen, ulitoa mapendekezo 106 mwaka 1990, kuanzia kwenye vibali vya kazi, yaani ruhusa ya maandishi kabla ya kugusa mtambo, hadi kuitaka kila kampuni ithibitishe mbele ya mamlaka jinsi inavyodhibiti hatari zake. Kama ripoti ingesema "fundi wa usiku awe makini zaidi", pendekezo lingekuwa moja.

Mchunguzi wa Siku Nyingi

Niongeze kidogo kuhusu onyo, kwa kuwa ndugu Msimamizi ameuliza kwa nia njema. Tenganisha mambo mawili, na ikiwezekana yafanywe na watu wawili tofauti. Katika usafiri wa anga, Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, ambao ni mkataba wa kimataifa wa usafiri huo, kinaeleza kwamba lengo pekee la uchunguzi wa ajali ni kuzuia ajali, na si kugawa lawama. Hilo halimaanishi kwamba hakuna anayewajibishwa. Maana yake ni kwamba uwajibikaji una meza yake na uchunguzi una yake. Ukizichanganya, watu watakuficha ukweli, na ajali itakurudia.

Mimi hutumia kipimo kimoja kabla ya kumlaumu mtu: ningemweka mwenzake mwenye ujuzi kama wake mahali pale, kwa presha ile, na vifaa vile, angefanya tofauti? Kama jibu ni hapana, kumwadhibu hakutabadilisha kitu. Kama mtu amefanya hatari kwa makusudi, huku kila mwenzake akifuata utaratibu, hapo una suala la nidhamu, na utaliona wazi. Kwa uzoefu wangu kesi za namna hiyo ni chache. Kwako wewe, kijana mgeni na mama mzoefu wamefanya jambo lile lile mahali pale pale. Hilo tayari limekujibu.

Afisa Usalama (mwanzisha mada)

Wakubwa zangu, nawashukuru sana. Niliomba ripoti isogezwe wiki moja, nikakubaliwa, na siku zile zote nilikuwa kwenye mkanda au hospitali. Naona ni haki niwarudishie nilichokikuta.

Nilikwenda kumwona yule mama nikiwa sina fomu mkononi. Nilimwomba anieleze siku ya kawaida. Aliniambia hivi: "Mwanangu, mkanda ule nimeuzima mara mbili tu tangu nianze kazi, na mara zote mbili niliitwa ofisini kueleza kwa nini." Nilifuatilia. Ukibonyeza kitufe cha dharura, mkanda hauwezi kurejeshwa pale pale. Sehemu ya kurejeshea iko ndani ya kabati la umeme lililofungwa, na ufunguo anao fundi umeme wa zamu, ambaye anahudumia jengo zima. Nilipima muda mara nne. Ule mfupi ulikuwa dakika kumi na nne, mrefu dakika thelathini na moja. Wakati huo wote katoni zinarundikana nyuma hadi zinaanza kudondoka.

Kisha, mkanda ukitembea taratibu huku sehemu ile imezibwa kwa muda, nikasimama zamu nzima kuhesabu. Katoni zilikwama mara 34. Sikuwahi kuambiwa, kwa sababu sikuwahi kuuliza. Nilichukua mbili zilizokwama nikazilinganisha na nyingine mpya: midomo yake ilikuwa laini, imevimba, inafunguka yenyewe na kudaka ukingo wa reli kwenye kona. Ghala la katoni lilihamishwa mwaka huu kwenda ukuta mmoja na chumba cha kuoshea, na zinanyonya unyevu usiku kucha.

Lililoniumiza zaidi ni wavu wa kinga. Mbele ya rola ile kuna wavu wa chuma wenye uwazi wa upana wa kiganja na nusu. Siku zote nilidhani ulitengenezwa hivyo. Nilipokumbuka habari ya waya wenye kutu, nikapiga magoti na tochi. Nyaya za wavu zimekatwa kwa koleo, na ncha zote zilizokatwa zina rangi ya njano, rangi ile ile ya mashine nzima. Mashine ilipakwa rangi miaka miwili iliyopita kwa agizo la uongozi. Yaani uwazi ule ulikuwapo kabla ya rangi, fundi wa rangi alipaka kila ncha, kazi ikakaguliwa na kupokelewa, na mimi mwenyewe kama fundi nilipita hapo mara nyingi. Daftari la huduma ya kwanza lina majeraha sita ya vidole kutoka kituo kile, yote yakiwa yameandikwa "dogo".

Ripoti niliyopeleka haina neno uzembe. Ina mambo manne. Ghala la katoni lihamishwe na katoni ziwekwe juu ya mbao za kuinulia, mbali na ukuta. Hilo limeshafanyika, na jana nilipojaribu tena kwa namna ile ile zilikwama mara tano. Reli ya kona ipanuliwe. Fundi amechukua vipimo. Wavu ubadilishwe kwa kifuniko kamili chenye swichi inayokata umeme kikifunguliwa, na kwa matengenezo umeme uendelee kuzimwa na swichi yake kufungwa kwa kufuli kama kawaida, mtu asije akauwasha. Sehemu ya kurejeshea itolewe kabatini iletwe karibu na mfanyakazi, kwa namna kwamba kurejesha hakuwashi mkanda mpaka mtu abonyeze kitufe cha kuwasha. Hili la mwisho meneja alisita kwa sababu ya gharama. Nilimpeleka mpaka pale, nikampa saa ya kupimia, nikamwomba asubiri fundi umeme pamoja nami. Tulisimama dakika ishirini na mbili. Alisaini tukiwa bado tumesimama.

Onyo la yule kijana limeondolewa kwenye faili lake, na nilimpelekea barua hiyo mwenyewe. Kama alivyoshauri Fundi wa Zamu, niliwasomea wote wawili ripoti kabla ya kuiwasilisha, na mama akanisahihisha jambo moja: katoni iliyomnasa haikuwa ya kwanza kukwama dakika ile, ilikuwa ya tatu. Nimeliongeza. Kituo hakitafunguliwa mpaka kifuniko kifungwe, na tarehe ya kurudi kukagua nimeiweka siku thelathini baada ya hapo, kwa jina langu.